Furu wa Generosa

Katika laini yetu, safu ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa Geita, mwaka wa hamsini na moja, wanawake wote tulikuwa mama fulani isipokuwa mmoja. Mimi nilikuwa Mama Philomena. Jirani yangu wa mkono wa kushoto, Mkurya mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa Mama Ghati. Wa mkono wa kulia aliitwa Generosa, basi. Ndoa ya miaka sita, na jina bado ni lile lile alilobatizwa nalo. Aliyetaka kumheshimu sana alimwita mke wa Donatus.

Nawaeleza habari zake, na zangu zimo humo humo. Msinikatize njiani kuniambia kwamba hayo ni mambo ya zamani. Najua ni ya zamani, mimi ndiye niliyekaa nayo.

Generosa alikuwa Msukuma wa Ibadakuli, mrefu, mpole, mwenye kusema taratibu mpaka unatamani kumsaidia kumalizia. Mtoto wa laini akijikwaa alipita mlango wa mama yake akaenda kulilia kwake. Mumewe, Donatus, alikuwa Msumbwa wa Nyahanga kule Kahama, utingo wa lori la mgodi lililokwenda Nungwe kupakia mizigo iliyoletwa kwa njia ya ziwa. Alikuwa kijana mzuri, sina neno naye. Neno lilikuwa kwa mama yake, Bibi Nyamizi. Mama yule alikuwa amemtolea mwanawe ng'ombe kumi na wawili, na mwaka uliotangulia alikuja mpaka laini, akakaa juu ya kigoda mlangoni, akasema tukiwa tunasikia sote: nangoja mpaka mavuno ya pili. Yakipita hivi hivi namrudisha huyu binti kwao Ibadakuli, na mwanangu nitamtafutia mwingine. Mambo ya padri na pete hayakumhusu, yeye hakuwa mbatizwa. Kwa hiyo kila mtu alijua, na Generosa mwenyewe alijua, kwamba siku zake pale zina hesabu.

Sasa huyo samaki. Lori likienda Nungwe, Donatus alichota maji ya ziwa kwa debe, ya kuongeza kwenye rejeta njiani. Siku moja alirudi na debe likiwa na maji nusu, na ndani yake furu wawili. Mnamjua furu: kisamaki cha kiganja, miiba tele, mtu hukila pale ambapo hakuna kingine. Mmoja alikuwa wa buluu iliyoiva, na mkia mwekundu. Mwingine alikuwa wa rangi ya jivu tu. Donatus alisema hawatoshi hata kuchafua sufuria. Generosa akawamimina kwenye karai lake la kufulia, akaliweka kivulini, chini ya dirisha.

Nilicheka mimi, tena nilicheka wazi. Nikamuuliza kama atawafuga wazae ndama. Akaniambia, Mama Philomena, hebu kaa uwatazame kidogo. Nikakaa. Haki ya Mungu walikuwa wazuri. Yule wa buluu alikuwa akimzunguka mwenzake anatetemeka mwili mzima, kama mchezaji ngoma aliyeona watu wanamtazama. Nilikaa mpaka maharage yangu yakaungua jikoni, na sikumwambia mtu kwa nini yameungua.

Wiki ya pili yule wa buluu aliruka nje ya karai, kuku akamwahi. Tangu siku hiyo yule wa kijivu akaacha kula. Generosa alikuwa akimpa mabuu ya mbu aliyoyateka kwenye madimbwi ya bomba, na kumbikumbi aliyesagwa. Mwanzo samaki alividaka vyakula hivyo kabla havijazama. Sasa anaviangalia vinapita. Akawa amejibana pembeni, na kooni amevimba, mtu ungesema ana matubwitubwi. Na kinywa hakitulii, kinatafuna kitu kisichokuwepo.

"Mama Philomena, huyu ananiondokea," Generosa aliniambia. "Anamlilia mwenzake."

Basi ikawa kazi ya kuuguza. Maji ya bomba la mgodini yalikuwa na harufu ya dawa, kwa hiyo aliyalaza kwenye mtungi usiku kucha ndipo ayamimine, tena kwa kikombe, taratibu, asimshtue. Alitia chumvi kidogo sana, ya ncha za vidole viwili. Mchana jua likizunguka alisogeza karai, akalifunika kwa kanga yake nzuri, ile aliyonunuliwa na Donatus huko Mwanza. Alisaga mtama ukawa unga wa vumbi, akaurushia majini, akangoja. Samaki hakula. Generosa naye akawa hali chakula chake vizuri.

Siku hizo hizo mama mkwe wa mke wa mpiga baruti, jirani yetu, akafariki mle mle laini. Nyie mnaujua msiba wa kwetu. Wanawake hawaendi kutoa pole wakarudi. Unakwenda na mtwangio wako na ndoo yako, unatwanga, unateka maji, unalala chini na wafiwa mpaka matanga yaanuliwe. Asiyeonekana anahesabiwa, na siku yake ikifika atazika yeye na mumewe, wawili tu. Siku ya kwanza Generosa hakuja. Nilikwenda kumwita nikamkuta amepiga magoti kwenye karai. Akasema atakuja jioni, samaki amelala ubavu. Jioni hakuja. Siku ya pili hakuja.

Mimi nilikuwa mke wa katekista. Mume wangu, Eustace, ndiye aliyesalisha Jumapili padri asipofika, na mimi ndiye niliyewafundisha watoto amri za Mungu chini ya paa la bati, na fimbo mkononi. Wanawake wale waliniheshimu. Ndipo Mama Ghati aliposimamisha mchi wake katikati ya kinu akaniuliza mbele ya wote: rafiki yako yuko wapi siku ya pili hii?

Ningesema nini? Niseme anauguza furu? Mtu amekufa, mwili umetoka kuzikwa, na rafiki yangu mimi, mke wa katekista, anamlisha furu unga? Niliona aibu hata kabla sijafungua kinywa. Aibu ya kuwa rafiki yake. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Anatapika. Tangu juzi hakishikiki kitu tumboni."

Nilidhani nimesema malaria. Haki nilidhani hivyo, kwa dakika moja. Kisha nikaona wanawake wanatazamana. Mama Ghati akaweka mchi chini polepole. Msibani hapapigwi vigelegele, lakini niliwaona wanavimeza. Mmoja akasema, jamani, Mungu si mtu. Mwingine akauliza ni wa miezi mingapi. Na mimi, na amri zangu kumi, nikainamia unga wangu nikaendelea kupepeta.

Jioni ile wakampelekea uji wa ulezi. Wakamnyang'anya ndoo, wakamkatalia kubeba kuni. Mama Ghati akaanza kumwita mama, mama tupu, bila jina la mtoto kufuata. Generosa alishangaa mno. Alipoelewa wanachosema, alikataa. Alisema sina kitu jamani, mnanionea. Wakacheka kwa furaha. Maana sisi kwetu, mwanamke mwenye mimba changa hasemi. Akiulizwa hukana, hukana hata kwa mama yake, kwa sababu ya macho ya watu. Na aliyengoja miaka sita angekana kuliko wote. Kila alivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kuamini.

Akaja kwangu. Akaniuliza, Mama Philomena, wamelitoa wapi neno hili? Nilikuwa nasuka mkeka. Sikuinua uso. Nikamwambia wapuuze, wanakupenda tu, litapita lenyewe. Akasema mama mkwe akisikia itakuwaje? Nikamwambia nani atampelekea habari mpaka Nyahanga?

Habari zilipelekwa na mwanawe mwenyewe. Lori la Donatus lilikuwa limetumwa Mwanza likaharibika huko, wakalala nalo wiki mbili wakingoja kipuri. Mtu wa laini alimfikishia hongera huko huko. Donatus, maskini, hakungoja hata kumwona mkewe. Akampa dereva aliyekuwa anakwenda Kahama habari hiyo amfikishie mama yake.

Bibi Nyamizi alifika siku ya Alhamisi asubuhi. Alishuka kwenye lori la pamba akiwa amevimba miguu, na kikapu mkononi hakumpa mtu kumbebea. Tulimlaki sote. Shikamoo bibi, shikamoo mayu, yaani mama, na yeye marahaba, marahaba, anacheka. Sikuwahi kumwona yule mama akicheka. Alifungua kikapu pale pale uani akatuonyesha: samli kwenye kibuyu, na chini ya samli mbeleko ya ngozi ya mbuzi, nyeusi kwa mafuta, laini kama kitambaa. Akasema hii ndiyo iliyombeba Donatus. Alikuwa ameilainisha upya kwa mikono yake, siku tatu.

Pale ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, watu walikuwa na furaha, ningesema bibi, kosa ni langu, na wangenizomea mimi siku mbili tatu, yakaisha.

Badala yake niliingia ndani na wenzangu, nyuma ya bibi. Generosa alikuwa chini ya dirisha, anamimina maji kwa kikombe. Akasimama, akapiga goti, akamwamkia mkwewe. Bibi Nyamizi alikuwa mkunga. Hakuuliza. Alimwekea kiganja tumboni kama anavyogusa mtu mkate kujua umeiva. Kisha akaondoa mkono.

Generosa akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, mama, sina kitu, niko katika siku zangu leo. Nimewaambia hawa wote tangu mwanzo.

Bibi akatugeukia. Cheko limemtoka usoni, umebaki uzee mtupu. Akauliza ni nani aliyesema kwamba anatapika. Mama Ghati, asiyeweza kusema uongo hata ukimlipa, akasema, tuliambiwa na Mama Philomena. Wote wakanitazama. Bibi naye akanitazama, akaniuliza kwa heshima, kwa sababu alijua mume wangu ni nani.

"Mama, na wewe nani alikuambia?"

Nikasema, "Yeye mwenyewe."

Ndiyo, nilisema hivyo. Sikulazimishwa na mtu. Nilimtazama mama yule machoni nikasema yeye mwenyewe, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mpaka leo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba haikutetemeka.

Generosa aligeuka akaniangalia. Nilingoja aniite mwongo. Yeye akarudisha macho kwenye karai, akaona jua limelifikia, akavuta kanga akalifunika.

Bibi Nyamizi akamuuliza, kama hukuwa mgonjwa, msibani hukwenda kwa nini? Akajibu, "Nilikuwa nauguza samaki." Kisha mmoja akacheka puani, na wa pili, na nyumba nzima ikalipuka. Nami nilicheka. Bibi peke yake hakucheka. Alikunja ile mbeleko mara nne, akairudisha kikapuni, akasema mavuno hayajaisha lakini yeye amekwisha choka.

Kesho yake waliondoka pamoja, mtu na mkwewe, na sanduku moja la bati. Donatus alikuwa bado yuko Mwanza. Generosa aliagana nami kwa mkono, kama wengine. Kisha akasema nisaidie jambo moja, Mama Philomena, mtunze yule, maji uyalaze kwanza, na chumvi isizidi vidole viwili. Nikasema nitamtunza. Nililibeba lile karai mpaka kwangu, nikaliweka chini ya dirisha langu, na Eustace hakuniuliza kitu.

Siku mbili nilifanya kama alivyonielekeza. Ya tatu, asubuhi, nilifunua kanga nikaona maji yana vitu. Nilidhani ni mabuu ya mbu. Nikainama. Vilikuwa samaki. Vidogo kuliko punje ya uwele, macho matupu, ishirini, thelathini, sijui, wanamzunguka yule wa kijivu. Kivuli changu kilipowaangukia wakakurupuka wote wakamkimbilia, akafungua kinywa, wakaingia. Wote. Koo likavimba vile vile kama lilivyokuwa limevimba, na kinywa kikafunga.

Nilikaa chini. Hakuwa mgonjwa hata siku moja. Alikuwa amewabeba wanawe kinywani, na alikuwa hali ili asije akawameza. Wavuvi wa Nungwe wote walilijua jambo hilo, niliambiwa baadaye, ni sisi watu wa nchi kavu tusiojua. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia maishani, na nilikuwa peke yangu, hakuna aliyeniona. Nilisema moyoni: leo leo namwambia Eustace, tuandike barua, Bibi Nyamizi asomewe. Niliazimia kabisa. Na wale samaki nitawalea mpaka Generosa arudi awaone.

Nilikuwa bado nimeinama, uso karibu uguse maji, niliposikia vicheko nyuma yangu. Mama Ghati na wenzake wawili, na ndoo zao, wanakwenda bombani. Mama Ghati akasema, ala, sasa zamu ya mke wa katekista kuuguza! Mmoja akadakia, tumwangalie vizuri, mwezi ujao na yeye atatapika.

Ni utani tu. Mama Ghati alikuwa hana ubaya. Ningeweza kuwaita nikawaambia njooni muone maajabu, na wangekuja, wangeona, na pengine wangeelewa kila kitu. Lakini uso uliniwaka. Nililinyanyua lile karai kwa mikono miwili nikalimwaga nyuma ya jiko, mchangani, kwa nguvu. Nikasema, haya, amepona. Wakacheka sana. Nikacheka nao mpaka wakaenda zao.

Kisha nikatazama. Mchanga ulishakunywa maji. Yule mama yao alikuwa anapigapiga mkia, na kinywa amekibana. Hakukifungua. Kuku walikuja kutoka kila upande. Barua sikuandika.

Donatus alioa mwaka uliofuata, huko huko Nyahanga. Sisi tuliondoka mgodini Eustace alipopata kazi ya misheni, na mwaka wa hamsini na nane tulifika Shinyanga. Siku moja nilikwenda Ibadakuli kwenye arusi ya mtoto wa mtu. Nikamwona Generosa anapakua wali jikoni, mtoto wa kiume mgongoni, wa kwake, wa mume mwingine, na wa kike amemshika nguo. Kwa hiyo tatizo halikuwa lake, miaka yote ile. Watu walikuwa wanamwita Mama Limi. Nilitaka kukimbia. Akaniona akaweka upawa chini.

Alinivuta tukakaa pembeni kwenye mkeka. Nikasema haraka kabla moyo haujanigeuka. Nilimwambia, Generosa, yale maneno ya kutapika niliyatunga mimi, na kisha nikakusingizia mbele ya mkweo. Nilikuwa nimeyabeba miaka saba.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Nikalia. Akaningoja nimalize, anambembeleza mtoto mgongoni kwa kutikisa bega. Kisha akaniuliza kile alichotaka kukiuliza, nilikiona machoni mwake kwamba alikuwa amekingoja kuliko maneno yangu yote.

"Na furu wangu je? Alipona?"

Nikamwambia hakuwa mgonjwa. Nikamweleza watoto walivyotoka, walivyomkimbilia, kinywa kilivyofunguka. Alinisikiliza mkono ukiwa kifuani. Akasema, kumbe, kumbe ndiyo maana alikuwa hali. Akacheka, macho yamejaa maji. Akaniuliza niliwafanyaje.

Nilikuwa nimetoka kuungama dakika ile ile, machozi yangu bado mabichi. Nikamwambia walipokua kidogo nilimpa dereva debe, akawarudisha ziwani Nungwe, wote na mama yao.

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.